Usihesabu Kilomita, Hesabu Mito: Rada ya Kupiga Graveli Milimani Bila Kuishiwa Njiani

Wacha nianze na aibu yangu ndio ukisoma ujue sikuhubirii kutoka juu ya mti.

Mimi na beshte yangu tuliangalia ramani kwa simu siku moja, tukaona kilomita 42. Tukacheka. 42 ni nini? Masaa matatu, manne hivi, halafu tuko kwa kibanda tunakula chapo madondo. Tulianza saa mbili asubuhi upande wa Mathioya, Murang'a. Saa moja jioni tulikuwa bado kwa giza tunasukuma baiskeli, miguu imegoma, chupa za maji zimekauka, na simu moja ikiwa na chaji ya asilimia 4.

Baiskeli zilikuwa fiti. Mazoezi tulikuwa nayo. Kilichotumaliza ni mito 6. Kila mto ulitushusha mpaka chini kabisa kwa daraja, halafu ukatudai tupande tena mpaka juu. Tukipumua kidogo, mto mwingine huu hapa.

Mzee mmoja alitupata tumekaa kando ya barabara, akatuangalia venye mtu huangalia ng'ombe wamepotea. Akauliza, "Sasa nyinyi vijana, mbona mnakata mito badala ya kufuata mgongo?"

Hilo swali ndilo linabeba hii stori yote. Ukilielewa, utapanga safari ya baiskeli kokote Kenya kwenye kuna mlima na mto, na utarudi kejani ukiwa mzima.

Kwanza, graveli ni form gani?

Graveli ni kupiga baiskeli kwa barabara zisizo na lami: murram, vumbi, njia za mashamba ya majani chai, barabara za msituni. Baiskeli yenyewe inakaa kama ile ya mbio za lami, ile ya usukani umepinda, lakini tairi ni nono, milimita 38 mpaka 45 hivi. Inaenda mbio kuliko baiskeli ya milimani, na inavumilia mawe kuliko ile ya lami.

Kenya tuko na hii kitu kwa damu, ni vile tu hatukuwa tunaiita jina. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi, na aliyemfunza kupiga hizi njia zetu za vumbi akiwa kijana ni David Kinjah wa Kikuyu. Tangu 2021 kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara, siku 4 za vumbi na mawe, ambapo wasee wetu wanatoana jasho na wageni.

Sasa turudi kwa swali la mzee.

Mgongo ama mto: hapa ndio siri iko

Chukua Mlima Kenya ama Aberdare kama paa la nyumba. Mvua ikinyesha, maji inateremka kila upande. Kwa mamilioni ya miaka hiyo maji imechimba mabonde, na kati ya bonde na bonde kumebaki mgongo mrefu wa ardhi. Kwa Gikuyu unaitwa rugongo, na ukiangalia Murang'a utaona watu wamejenga maboma, shule, soko na barabara kubwa juu ya hiyo migongo. Waliotutangulia hawakuwa wajinga.

Kwa hivyo uko na njia mbili za kupiga eneo kama hilo.

Ya kwanza, fuata mgongo. Unapanda mos mos kuelekea mlimani, mpando ni mrefu lakini si mkali sana, halafu ukigeuka unateremka karibu njia yote. Ukichoka katikati, unageuza tu baiskeli na mteremko unakurudisha ulipotoka.

Ya pili, kata migongo. Unatoka mgongo huu kwenda ule, na kila mara lazima ushuke mpaka mtoni na upande tena. Hapo kilomita 40 inaweza kukuchosha kuliko kilomita 90 za mgongoni. Na ukichoka katikati, utajua hujui, juu ukirudi ni mito na ukiendelea bado ni mito.

Simu yako haitakwambia hii kitu ukiangalia umbali pekee. Kabla utoke, fungua ramani inayoonyesha mwinuko, ziko za bure kibao, na uangalie vitu vitatu. Mita za kupanda kwa jumla. Idadi ya mito unayovuka. Na mahali mpando mkubwa uko: mwanzo wa safari ama mwisho. Kama ni mara yako ya kwanza, mita 500 za kupanda zinakutosha. Ukiona mita 1,000 ndani ya kilomita 60 za murram, hiyo ni kazi ya siku nzima.

Halafu piga hesabu ya saa kwa unyenyekevu. Kwa murram ya milimani, msee wa kawaida anaenda kilomita 12 kwa saa, ukihesabu kupumzika, kupiga picha na kuziba pancha. Jua letu linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, halikungojei.

Sasa twende kwa njia zenyewe, kutoka rahisi mpaka noma.

1. Karura na majani chai ya Limuru: mahali pa kujifunza

Kama hujawahi kupiga baiskeli nje ya lami, usianze mbali. Msitu wa Karura uko hapa hapa Nairobi, unalipia kiingilio, kuna njia zimetengewa baiskeli, kuna mito midogo na maporomoko ya maji. Jifunze hapo kushika breki kwa changarawe na kupiga kona bila kuteleza.

Ukishazoea, panda Tigoni na Limuru. Barabara za vumbi katikati ya majani chai ziko kila mahali, na mteremko wake unakufunza habari ya mgongo na mto bila kukuumiza sana, juu lami na mathree haziko mbali. Kumbuka Limuru iko juu ya mita 2,200. Baridi yake saa moja asubuhi itakupata, beba koti.

2. Ndakaini: ujue maji yako inatoka wapi

Hii ndio napenda kupeleka watu. Bwawa la Ndakaini liko Gatanga, Murang'a, kwa miguu ya Aberdare. Sehemu kubwa ya maji inayotoka kwa mfereji wako Nairobi inaanzia hapo. Mito mitatu, Thika, Githika na Kayuyu, inaingia kwa bwawa linalobeba mita milioni 70 za ujazo.

Panda mathree mpaka Thika, mwambie konda afunge baiskeli kwa keria, mkubaliane bei kabla hajaipandisha. Kutoka Thika, fuata mgongo kupanda kuelekea Gatura. Unaanza na mananasi na kahawa, halafu hewa inabadilika, ghafla ni majani chai pande zote. Hapo bila kuambiwa unajua umepanda. Ukifika Ndakaini uko kama mita 2,000 juu ya bahari, na barabara za kuzunguka bwawa zinapanda na kushuka kila wakati.

Uzuri wa hii njia ni kwamba jasho lote unalimwaga asubuhi ukiwa na nguvu. Jioni mteremko unakurudisha Thika. Ubaya wake ni udongo. Ile nyekundu ya Murang'a ikiwa kavu ni tamu kama lami. Ikinyeshewa ni gundi. Inajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na ukilazimisha pedeli unaweza kuvunja ile mkono ya gia ya nyuma. Matope yakianza kushika, shuka, toa kwa kijiti, sukuma. Hakuna ujasiri hapo.

3. Hell's Gate: bonde tamu lenye sheria moja

Kwa mtu wa kwanza kabisa kutoka nje ya Nairobi, Hell's Gate pale Naivasha ni poa sana. Ni mbuga ambayo unaingia na baiskeli, unapita katikati ya pundamilia na twiga, majabali yamesimama pande zote mbili. Kama huna baiskeli unakodisha karibu na geti. Njia ya kuelekea gorge ni vumbi na mchanga, mteremko mdogo ukienda, kwa hivyo kumbuka mpando unakungoja ukirudi.

Lakini wacha niseme hii kitu polepole. Tarehe 1 Septemba 2019, maji ya ghafla iliingia kwa ile gorge na kuua watu 7, watalii pamoja na guide wao. Mwaka wa 2012 pia vijana waliokuwa wameenda na kikundi cha kanisa walisombwa hapo hapo.

Elewa venye hiyo hutokea. Gorge ni mfereji. Mvua ikinyesha juu milimani, mahali huwezi kuiona, maji yote inatafuta huo mfereji. Wewe uko chini unapiga selfie, juu yako anga ni buluu. Unasikia tu mngurumo, na ukishausikia umechelewa. Kwa kuta za mawe hakuna pa kukimbilia.

Hii haihusu Hell's Gate pekee. Laga zote za Kajiado, madaraja yote ya chini ambayo maji hupita juu yake, kazi ni moja. Kwa hivyo sheria ni hii: usiulize kama mvua imenyesha hapa, uliza kama imenyesha juu. Waulize wenyeji na askari wa mbuga. Wakisema gorge imefungwa, imefungwa. Na kwa daraja lililofunikwa, kama maji ni ya kahawia na huoni chini, usivuke. Maji ya magotini yenye kasi inakuangusha, na baiskeli inakuwa tanga ya kukuvuta.

4. Nanyuki mpaka geti la Sirimon: kumgusa mlima

Nanyuki iko kama mita 1,900 na kitu, karibu kabisa na Ikweta. Unatoka mji kwa barabara kuu ya Meru, kama kilomita 15, halafu unapinda kulia na kupanda kama kilomita 9 mpaka geti la Sirimon, mita 2,650. Asubuhi mapema unaona kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, wazi kabisa. Ikifika saa nne, mawingu yanafunga duka.

Sehemu ya lami ndio ya kuogopa, si mpando. Malori yanapita kasi. Kaa kushoto kabisa, vaa rangi ya kung'aa, usipige mbili mbili mkibonga. Na karibu na msitu kuna ndovu. Ukiona kinyesi kibichi ama matawi yamevunjwa sai, geuka. Ndovu hashindwi na baiskeli kwa mpando, hata usijaribu kufikiria hivyo. Kwenye geti ndio mwisho wa safari yetu, ukitaka kuendelea ndani ni ada na masharti ya KWS.

5. Bonde la Kerio: hapa ni kwa wanaume na wanawake wa nguvu

Iten unaijua kwa sababu ya wakimbiaji. Mji uko mita 2,400 hivi, kwa ukingo kabisa wa Bonde la Ufa. Simama pale uangalie chini, utaona Kerio imelala kwa joto lake, zaidi ya mita 1,000 chini yako. Mto wenyewe unaenda kaskazini mpaka Ziwa Turkana.

Kushuka ni kwa lami inayojikunja kupitia Tambach mpaka Biretwo. Huko chini ndio utapata barabara za vumbi, miembe, miiba na joto ambalo hukulitarajia, juu asubuhi ulikuwa umevaa sweta.

Na hapa hesabu imepinduka. Murang'a unapanda kwanza, mteremko unakurudisha. Kerio unashuka kwanza, unacheka njia yote, halafu deni unalilipa jioni ukiwa umechoka na jua limekupiga. Kuna mpando wa kutoka Kimwarer mpaka Nyaru, kama kilomita 21 bila huruma, wakimbiaji wakubwa hupelekwa hapo kupimwa. Ukiona wanariadha wa dunia wanauheshimu, na wewe uheshimu.

Ushauri wangu: ukishuka Kerio, weka saa ya kugeuka kabla hujaondoka. Saa sita mchana, popote ulipo, unaanza kurudi. Ama panga kabisa kupanda gari huko chini, si dhambi. Beba maji lita 3. Na kaa upande wa kusini wa bonde. Sehemu za kaskazini zimekuwa na shida ya usalama kwa miaka, kwa hivyo usiende kabla hujauliza wenyeji hali iko aje wiki hiyo.

Baiskeli: usiuze figo

Najua swali lako. "Mi sina laki ya baiskeli." Hauhitaji. Baiskeli ya milimani ya mtumba, isiyo na springi za nyuma, ukiiwekea tairi nyembamba kidogo zisizo na meno makubwa, itakufikisha Ndakaini vizuri sana. Angalia vitu vinne kabla ununue: fremu isiwe na ufa, magurudumu yasiyumbe ukiyazungusha, breki zishike, na gia ndogo kabisa iwe ndogo kweli kweli. Hiyo ya mwisho watu hupuuza. Milimani, gia ya kupanda ni muhimu kuliko gia ya mbio.

Pesa uliyookoa, nunua helmeti. Haiongelewi. Sule Kangangi, kapteni wa Team Amani, alikuwa mmoja wa waendeshaji wakali kuwahi kutoka Kenya. Alianguka kwenye mbio za graveli kule Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022, akafariki akiwa na miaka 33. Alikuwa na helmeti, ujuzi na timu. Kama mtu wa kiwango chake anaweza kuanguka, wewe unaenda kasi ya nani kwa mteremko wa murram? Shika breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia zote mbili, na ya mbele uibonyeze taratibu.

Upepo wa tairi pia. Watu wengi hujaza mpaka inakuwa jiwe. Kwa tairi ya milimita 40 na mwili wa kilo 70 hivi, PSI 35 mpaka 40 inatosha. Ikiwa ngumu sana itakurusha rusha na kuteleza kwa changarawe.

Kwa begi weka: tyubu mbili, pampu, viraka na gundi, chuma cha kutoa tairi, kifaa cha kukaza nati, maji, ndizi ama njugu, koti la mvua, taa, power bank, na cash kidogo. M-Pesa ni poa lakini netiweki hukimbia mabondeni. Hiyo cash inaweza kuwa nduthi yako ya kurudi hao.

Wakati wa kwenda, na heshima njiani

Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, fupi ni Oktoba mpaka Desemba. Katikati ya hiyo miezi, Murang'a inakuwa gundi, na ule udongo mweusi watu wa Kitengela wanaujua unakuwa mbaya zaidi. Januari, Februari, na Juni mpaka Septemba ndio msimu wako.

Usiende peke yako. Mkiwa watatu ni sawa: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mwingine anatafuta msaada. Mwambie mtu nyumbani mnapita wapi na mnarudi saa ngapi.

Halafu heshima. Hiyo barabara ya vumbi si uwanja wako, ni njia ya watu kwenda shamba, shule na kanisa. Ukikuta wazee, punguza kasi na usalimie. Ukikuta ng'ombe, simama, mwenyewe atakupisha. Usichune embe la mtu. Nunua chai na maandazi hapo kijijini, na uulize maswali. Huyo mama wa kibanda anajua daraja gani limebebwa wiki jana, na hakuna app itakwambia hiyo.

Tulijifunza nini ile jioni

Yule mzee alituelekeza kwa njia iliyopanda mara moja tu mpaka juu ya mgongo, na kutoka hapo tuliteremka kwa taa ya simu mpaka sokoni. Tulipata mathree ya mwisho. Tulikuwa na bahati, na bahati si mpango.

Kitu kinaniuma mpaka leo ni kwamba kwa daraja la pili tulijua. Tuliangaliana, saa zilikuwa zimeenda, maji imefika nusu, na tungegeuka tungekuwa Murang'a mjini kabla ya saa nane. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Tuliogopa aibu kuliko tulivyoogopa giza.

Kwa hivyo kabla mtoke Jumamosi, kubalianeni hivi: yeyote akisema turudi, wote wanarudi, na hakuna kuchekana kwa WhatsApp baadaye. Mlima hauhami. Mgongo utakuwa hapo wiki ijayo, na mto pia.

Sasa fungua ramani, hesabu mito, na uniambie unaanza na gani.